Nani kasema uigizaji ni uhuni?

Jamani, nilikwenda Ifakara kula wali mpya, nikajikuta hakimu wa kesi ya familia! Hata mikono sijanawa, mzee kaanza: "Mwambie mdogo wako aache uhuni."

Uhuni wenyewe? Binti kamaliza kidato cha nne, anataka kuja Dar kucheza filamu. Kuna jamaa kamwambia kwenye simu atume elfu hamsini ya "fomu", akifika tu anapewa usteringi. Mama kimya, anapepeta mchele. Mimi nikaona hapa pana mambo mawili, huyo jamaa wa fomu na sanaa yenyewe, ila mzee kayatia yote gunia moja na kulishona.

"Baba, unamfahamu Profesa Amandina Lihamba?"

"Profesa na sinema wapi na wapi?"

Ngoja nikupe, msomaji, kama nilivyompa mzee. Mama huyu kafundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1985 alipata udaktari Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na michezo ya jukwaani hapa nchini baada ya Azimio la Arusha. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya Arusi ya Mariamu, naye yumo! Enzi hizo bara hatuna televisheni, vituo vilianza 1994. Muigizaji alipikwa jukwaani au redioni. Hakuna kukata na kuunga picha, ukichemsha mbele ya watu umechemsha.

Na jukwaa la kwetu lilidai mtu aliyekamilika. Wakongwe wanakumbuka Muungano na TOT, usiku mmoja unapata ngoma, taarabu, sarakasi na maigizo. Lihamba naye si wa kusubiri kuandikiwa. Ametunga Hawala ya Fedha (1980) kutokana na kazi ya Ousmane Sembène wa Senegal, na Mkutano wa Pili wa Ndege (1992).

Lakini kilichonimaliza mimi ni Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Humo Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye hajatamka neno kwa miaka 20. Mpaka anatokea daktari mwanamke kutoka Marekani. Hebu fikiria, muigizaji kunyang'anywa mdomo! Baadhi ya mastaa wetu ukiwaondolea mayowe wanabaki na wigi tu (mnisamehe, washikaji). Huyu mama anafanya kazi kwa macho na mabega, nawe unakaa kimya kama uko wodini. Mwaka 2001 Tanzania iliituma filamu hiyo kuwania Oscar, ya kwanza kutumwa kutoka nchi hii. Haikupenya kwenye orodha ya mwisho, lakini ilikwenda.

Mzee bado kakunja uso. Ndipo nikamtajia Tuseme, mradi ambao Lihamba na Profesa Penina Mlama waliuanzisha mwaka 1996. Wasichana wa sekondari wanatumia maigizo kusema yanayowakwamisha masomo, mbele ya walimu na wakubwa. Baadaye ukavuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika.

"Wasichana wa shule? Wanasema mbele ya walimu?" Mzee akamgeukia binti, kama vile ndiyo kwanza anamwona.

Basi tukakubaliana la kwanza: hakuna kutuma elfu hamsini kwa mtu yeyote. La pili nikalitupa mezani: Bagamoyo kuna TaSUBa, ile iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Huko mtu anasomea, anacheza ngoma, anaimba, anaigiza, na cheti anapata.

Mzee hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alichota tonge, akalimalizia na kambale, kisha akauliza nauli ya Ifakara mpaka Bagamoyo ni shilingi ngapi.

Mama ndiye aliyejibu. Kumbe alishaulizia siku nyingi.