Mbwa wa ghala akijikuna: chakula gani kinafaa?

KASESE – Mwenye ghala la mahindi, kahawa au samaki wakavu katika eneo la Bwera na Mpondwe ana mlinzi mmoja asiyedai mshahara, naye ni mbwa. Hali ni hiyo hiyo Maliba, chini ya milima ya Rwenzori, ambako kahawa hukaa nyumbani kwa mkulima ikisubiri lori. Lakini mbwa anayejikuna usiku kucha, ngozi imetoka mabaka na nywele zinapukutika, hasikii mwizi. Wengi hukimbilia kununua mfuko wa chakula cha kigeni ulioandikwa kwamba ni wa mbwa wenye ngozi nyepesi kudhurika. Mfuko huo ni ghali, na mara nyingi fedha hiyo hupotea bure kwa sababu mnunuzi hakuanza na swali la kwanza: je, kweli ni chakula?

Sababu kubwa ya mbwa kujikuna ni wadudu. Viroboto hushambulia zaidi sehemu ya nyuma ya mgongo, karibu na mkia. Kipimo chake hakihitaji daktari: chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji, na vile vichembe vyeusi vikitoa rangi nyekundu, hiyo ni damu, ni uchafu wa viroboto. Upele hupenda kuanzia kwenye kingo za masikio na viwiko, na mara nyingine hata mwenye mbwa naye huanza kuwashwa. Hapo dawa ya wadudu kutoka kwa daktari wa mifugo ndiyo inayotakiwa, si mfuko wa chakula.

Na madereva wasikie hili: kumpaka mbwa oili chafu ya injini si dawa. Imezoeleka sana kwenye vituo vya malori, lakini oili hiyo ina sumu inayopenya kwenye ngozi, na mbwa huilamba.

Wadudu wakishatibiwa na mbwa bado anajikuna, hasa akilamba nyayo, masikio yakivimba na kutoa harufu, tumbo likiwa jekundu, mwaka mzima bila kujali mvua wala kiangazi, ndipo chakula hushukiwa.

Katika maghala mengi mbwa hula posho, pumba za mahindi na mabaki ya hotelini. Hapa kuna matatizo mawili tofauti, ingawa watu huyachanganya. La kwanza ni upungufu. Pumba zina kiasi kikubwa cha fitati, kitu kinachoishika madini ya zinki tumboni isiingie mwilini. Mbwa aliyelelewa kwa pumba, hasa anayekua, hutoka magamba magumu kuzunguka macho, midomo na nyayo. Huyo hana mzio wowote. Anakosa nyama, samaki na mafuta, na akilishwa vizuri ngozi hurudi.

La pili ndilo mzio wenyewe. Mwili wa mbwa hukataa protini fulani ambayo amekuwa akila siku zote. Zinazotajwa mara nyingi katika uchunguzi wa madaktari ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Basi "chakula bora" kwa mbwa wa namna hii si kile cha bei kubwa, bali kile chenye protini ambayo hajawahi kuila. Mbwa aliyezoea mifupa ya ng'ombe kutoka buchani anaweza kupewa samaki. Lakini yule wa Katwe au Katunguru aliyekua akila vichwa vya samaki, kwake samaki si kitu kipya. Huyo ajaribiwe nyama ya sungura, au mbuzi kama hajamzoea.

Jaribio ni la wiki 8. Chakula kipya huchanganywa na cha zamani kwa siku 7 hadi 10 ili tumbo lisiharibike, kisha mbwa hula hicho kimoja tu. Hapo ndipo wengi hushindwa. Mlinzi wa usiku humtupia mfupa, utingo humpa kipande cha chapati, na wiki sita za subira zinaharibika kwa dakika moja. Ni afadhali mbwa afungwe uani kipindi hicho na wote wanaoingia ghalani waambiwe. Wiki 8 zikiisha na ngozi imetulia, rudisha chakula cha zamani. Mwasho ukianza tena ndani ya siku chache hadi wiki mbili, jibu limepatikana.

Samaki wa mpakani ni neema kwa kazi hii, maana mafuta yake yanasaidia ngozi, ila si samaki wote. Makayabu, yaani samaki wa chumvi wanaovushwa kwenda Kasindi na kuendelea hadi Beni na Butembo, hawafai, chumvi ni nyingi mno. Mukene, au dagaa kama wanavyoitwa kwingine, ni wazuri wakiwa wameanikwa kwenye nyavu au vichanja. Walioanikwa chini huja na mchanga, na mfanyabiashara anajua kuutambua kwa kusugua mkononi. Samaki wapikwe, miba mikubwa itolewe, na supu isitiwe kitunguu kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa. Chakula cha nyumbani cha miezi mingi kinahitaji ushauri wa daktari wa mifugo, kwani samaki na posho peke yake havitoshelezi madini yote.

Posho nayo itoke kwenye mahindi makavu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Wasafirishaji hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti ya cheti. Mahindi yaliyoota ukungu ambayo binadamu hawezi kula humwagiwa mbwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka. Sumu hii huua ini. Nchini Marekani, zaidi ya mbwa 100 waliripotiwa kufa kuanzia mwishoni mwa 2020 kwa chakula cha kiwandani kilichokuwa na sumukuvu, kwa hiyo hata mfuko wenye picha nzuri si kinga.

Anayeamua kununua mfuko asome nyuma, si mbele. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza. Kama cha kwanza ni mahindi au ngano na samaki yuko mwishoni, huo ni mfuko wa nafaka. Kanuni zinazofuatwa Marekani zinaruhusu mfuko kuandikwa "na samaki" hata kama samaki ni asilimia 3 tu, na mafuta ya kuku yanaweza kuwamo humo humo. Tafuta protini moja iliyotajwa kwa jina. Neno "nyama" peke yake halimsaidii mwenye mbwa wa mzio. Pia iandikwe kwamba ni chakula kamili, si cha kuongezea.

Tarehe ya mwisho itazamwe, lakini safari ya mfuko ina uzito sawa na tarehe hiyo. Mfuko uliokaa siku nne juani juu ya lori, kutoka Kampala kupitia Kikorongo hadi mpakani, mafuta yake huanza kuchacha na kupoteza nguvu ile ile iliyolipiwa. Ufungwe upande wa kivuli, usipangwe pamoja na saruji wala dawa za shambani. Kwa wauzaji wanaofungua mfuko na kupima kwa kilo: chakula kilichoachwa wazi hupata wadudu wadogo wa ghalani, na wadudu hao wenyewe huwasha baadhi ya mbwa. Mnunuzi wa mbwa mwenye mzio auziwe mfuko mdogo uliofungwa, hata kama bei yake kwa kilo iko juu.