Kuipambanua Hamu Kabla ya Kuitii

Katika kliniki za methadoni za Mwananyamala na Temeke, wagonjwa hunywa dozi yao kila siku mbele ya mtoa huduma, kisha hurejea kwenye shughuli zao. Huduma hii ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, ikafika Mwananyamala mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Kwa kuwa methadoni hukaa mwilini muda mrefu, dozi moja sahihi hutosha kuzuia arosto, yaani maumivu ya viungo, kuharisha, miayo na kukosa usingizi, kwa siku nzima.

Hamu, hata hivyo, ni jambo jingine. Mwili waweza kuwa umetulia, lakini mtu akipita karibu na maskani ya zamani, au akishika ujira wa kibarua, moyo humwenda mbio. Ubongo wake umejifunza kuunganisha mahali hapo, au fedha hizo, na unga. Ndugu humwambia “jikaze”. Kauli hiyo humwongezea aibu tu.

Wanafalsafa wa yoga wa India ya kale walikuwa na neno kwa ajili ya hali hii: viveka, yaani upambanuzi, uwezo wa kumtenga anayeona na kile anachokiona. Katika karne ya 20, mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani, aliyefanya tafakuri yeye mwenyewe, aliingiza wazo linalokaribiana na hilo katika tiba ya uraibu. Hamu ni kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, hushuka hata isipolishwa, mara nyingi ndani ya nusu saa.

Muuguzi aweza kumwongoza mgonjwa kwa maswali mepesi. Hamu iko wapi mwilini, kifuani au tumboni? Inapanda au inashuka? Badala ya kusema “nataka unga,” mgonjwa hujizoeza kusema “hamu ya unga imenijia,” huku akifuatilia pumzi yake. Zoezi hili halimdai Mwislamu wala Mkristo abadili imani.

Wala halichukui nafasi ya methadoni. Mgonjwa anayeiacha ghafla kwa kujiona amepona hupoteza ustahimilivu wa mwili, na kete aliyoizoea zamani yaweza kumzuia kupumua. Hata aliyekosa dozi siku kadhaa mfululizo apimwe upya kabla ya kurudishiwa kiwango kamili. Akionekana anakoroma au anapumua polepole mno, midomo imebadilika rangi na haamki, alazwe ubavu na afikishwe hospitalini mara moja. Nalokisoni ikipatikana, apewe bila kusubiri.