Usiitupe kompyuta ya zamani, huenda tatizo liko kwenye ruta

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za Mikumi na Kilosa hujaa vijana wenye bahasha mikononi, na nyuma yao wazazi wanaouliza kama mtandao umerudi. Maombi ya chuo yako mtandaoni. Maombi ya mkopo wa HESLB yako mtandaoni. Hata uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kwa RITA, ambao mzazi wa Mikumi angedhani unamlazimu kupanda gari mpaka makao makuu ya wilaya Kilosa, siku hizi hufanyika mtandaoni.

Kwenye foleni hiyo kuna hatari ambayo wazazi wengi hawaioni. Mhudumu, tena kwa nia njema kabisa, humfungulia mtoto akaunti kwa barua pepe aliyoitengeneza yeye na nywila anayoijua yeye. Namba ya NIDA ya mzazi, cheti na picha vinabaki kwenye kompyuta ya watu. Baadaye inakuja taarifa kwamba fomu ina kasoro na irekebishwe haraka, na mhudumu ameshahamia Ifakara.

Wakati huohuo nyumbani, juu ya kabati, kuna laptopu iliyofunikwa kitambaa. Pengine ilinunuliwa mtumba, pengine aliiacha mjomba aliyehamia Dar. Inawaka vizuri. Ruta ya laini ya simu ipo, na simu zote za nyumbani zinapata intaneti. Kompyuta peke yake ndiyo haipati. Fundi akiulizwa anasema imepitwa na wakati, nunua nyingine. Mara chache ni kweli. Mara nyingi kuna sababu ndogo ambayo mzazi mwenyewe, au kijana wake, anaweza kuitafuta jioni moja.

Kwanza tazama kama kompyuta inaona majina ya mitandao yoyote. Isipoona hata jina moja, chunguza ubavuni: laptopu nyingi za zamani zina swichi ndogo ya kuwasha na kuzima waifai, na mtoto aliyekuwa akiichezea anaweza kuwa aliisogeza miaka mitatu iliyopita. Nyingine huwashwa kwa kitufe chenye alama ya mnara, kikibonyezwa pamoja na kile kilichoandikwa Fn. Kompyuta ya mezani mara nyingi haina kabisa kifaa cha kunasa waifai. Hiyo si kuharibika, haikutengenezwa nacho.

Hali inayowachanganya wengi ni ile ya kompyuta kuona mitandao ya majirani lakini isiuone wa nyumbani. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kompyuta nyingi za zamani husikia yale ya 2.4 tu. Kama ruta imewekwa irushe ya 5 peke yake, simu mpya zitafurahia na kompyuta itabaki kipofu. (Herufi 5G zinazoonekana kwenye jina la waifai ya nyumbani mara nyingi humaanisha gigahezi hizo 5. Hazina uhusiano na 5G ya minara ya simu inayotangazwa redioni, ingawa wauzaji wengine huacha mteja aamini hivyo.) Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuwasha mawimbi ya 2.4, ikiwezekana yakipewa jina lake la pekee. Anuani ya kuingilia, kwa kawaida namba zinazoanza na 192.168, pamoja na nywila yake huwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta.

Mawimbi ya 2.4 yana faida nyingine kwa nyumba zetu: hupenya ukuta vizuri kuliko ya 5. Nyumba ya zamani ya Kilosa yenye kuta nene inaweza kuzima ya 5 kabla hayajafika chumba cha pili.

Kuna pia mitumba iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Huko vifaa vya waifai husikiliza chaneli ya 1 hadi ya 11, na ruta ya hapa inaweza kujichagulia ya 12 au 13. Weka ruta kwenye chaneli ya 1, ya 6 au ya 11, tatizo limekwisha.

Jina likionekana lakini nywila ikakataliwa, nayo umeiandika sawasawa mara tano, kagua aina ya ulinzi. Ruta mpya huweza kuwekwa kwenye WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018. Kompyuta ya mwaka 2009 haiijui. Ibadilishe iwe WPA2, ambayo imekuwepo tangu 2004 na bado inatosha kwa nyumbani. Lakini usikubali fundi akushushe hadi WEP kwa maelezo kwamba ndiyo inayokubali kila kitu. WEP huvunjwa kwa dakika chache, na atakayeivunja atakula bando lako kwanza.

Halafu kuna kasoro inayochekesha mpaka ikupate. Waifai imeshika, alama imejaa, lakini kila ukurasa unaleta onyo kwamba si salama. Tazama saa ya kompyuta. Kama inasema ni Januari 2009, umepata jibu. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama ya saa, mara nyingi yenye namba CR2032, inayotunza tarehe umeme unapokatika. Ikifa, kompyuta hurudi nyuma miaka. Tovuti za leo hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta iliyoko 2009 vyeti hivyo havijazaliwa. Rekebisha tarehe, na betri hiyo ibadilishwe. Kwenye kompyuta ya mezani ni kazi ya dakika chache.

Kama kifaa cha waifai chenyewe kimekufa, bado usitoe pesa. Chukua simu ya Android iliyoshika waifai ya nyumbani, iunganishe na kompyuta kwa waya wa chaji, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Simu nyingi zitapokea waifai na kuipitisha kwenye waya, nayo kompyuta itaamini imechomekwa mtandao wa kawaida. Njia hii inatosha kujaza fomu nzima ya mkopo. Kwa kompyuta ya mezani isiyohama, waya wa mtandao kutoka kwenye ruta ni bora kuliko yote: unafika hadi mita 100 na haujali ukuta. Kinachobaki ni kile kifaa kidogo cha waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kabla ya kulipa, hakikisha dukani kwamba kinakubali Windows uliyo nayo.

Na Windows uliyo nayo ni jambo la kupima kwa makini. Microsoft iliacha kuilinda Windows XP Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Kivinjari cha Chrome kwa Windows 7 kiliishia toleo la 109. Kompyuta ya aina hiyo itafungua kurasa nyingi, lakini mlango wake hauna tena mlinzi. Isitumike kwa benki wala kwa fedha za simu. Kwa fomu za chuo, nakala na masomo, njia nzuri ni kumwomba kijana anayejua aiwekee Linux Mint ya Xfce, ambayo ni ya bure na inaishi kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2, ingawa kwa GB 4 inapumua. Kabla ya hapo picha zote za familia zihamishiwe kwenye flashi mbili, kwa sababu kazi hiyo hufuta kila kitu.

Kompyuta iliyokaa kabatini mwaka mzima ina njaa. Ikishika waifai tu, huanza kupakua masasisho kimyakimya, na bando la wiki linaweza kuisha usiku mmoja. Kwenye Windows 10, fungua mipangilio ya mtandao huo uiambie kuwa unalipiwa kwa kipimo, nayo itaahirisha masasisho mengi. Na nywila ya waifai apewe mtu, isibandikwe ukutani. Vijana huigawa mtaa mzima kwa moyo mweupe, kisha baba anamlaumu mtoa huduma.

Iwekwe wapi? Sebuleni, mahali skrini inapoonekana na kila anayepita, maana anayejaza fomu mchana ni huyohuyo atakayetazama vitu vingine saa tano usiku. Iwe juu ya meza. Waliokumbwa na maji ya Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 hawahitaji kuelezwa ubaya wa kuiweka sakafuni. Betri za laptopu za zamani nazo huwa zimekufa, hivyo umeme ukikatika katikati ya fomu, kila kisichohifadhiwa kimepotea. Hifadhi baada ya kila ukurasa.

Kama maombi tayari yalifanyikia steshenari, kazi ya kwanza ya kompyuta hiyo iwe kuingia kwenye akaunti ya mtoto, kubadilisha nywila, na kuweka namba ya simu na barua pepe yake mwenyewe. Nywila mpya iandikwe kwenye daftari la nyumbani, pale zinapowekwa risiti za ada.