Kutoka Jumba hadi Shanga: Wanafunzi Wetu Wasoma Mawe ya Wazee Wao

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Qur'ani Tukufu, katika sura zaidi ya moja, yawataka watu watembee katika ardhi na watazame mwisho wa waliowatangulia. Wanazuoni wa hadithi waliifahamu vyema amri hiyo, wakakata majangwa kwa ajili ya riwaya moja tu. Watoto wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa upande wao, husoma tarikh ya Makka, Madina, Baghdad na Andalus, na ni kheri kubwa kuisoma. Lakini wengi wao huhitimu madrasa bila ya kutia mguu katika msikiti wa kale ulio mwendo wa matatu moja kutoka nyumbani kwao.

Kwa sababu hiyo, katika likizo iliyopita, walimu wa madrasa chache za mitaa hii mitatu tulikusanya wanafunzi ishirini na sita, wavulana na wasichana, pamoja na akina mama watatu wa kuwasimamia mabinti, tukafunga safari ya siku sita kuelekea kaskazini. Baadhi ya wazazi walisita, hasa walipolisikia jina la Lamu, kwa habari za barabara ile. Tulikaa nao, tukawaeleza njia nzima, na hatukumchukua mtoto yeyote ila kwa ridhaa ya mzazi wake.

Jumba la Mtwana

Kituo cha kwanza kilikuwa Jumba la Mtwana, Mtwapa, kiasi cha kilomita 15 kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Mji huu ulikuwa hai katika karne ya 14 na ya 15, kisha ukaachwa. Mtafiti James Kirkman aliufukua mwaka 1972, na leo uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuta zake za matumbawe na chokaa zasimama baina ya mibuyu, na mmoja katika misikiti yake umekaa pwani kabisa, hata mawimbi yasikika kutoka kwenye kibla.

Kabla ya kuwaeleza lolote tuliwapa wanafunzi kazi: tafuteni, mtu wa hapa alitawadhia wapi? Haikupita robo saa, mabinti wakaita. Walikuwa wameliona birika, na mbele yake mawe ya matumbawe yaliyopachikwa sakafuni kwa kusugulia nyayo. Hapo ndipo tulipowasimulia habari za Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331. Katika masimulizi ya safari yake ameeleza kwamba watu wa Mombasa walikuwa wafuasi wa Imam Shafi'i, wacha Mungu, na misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi; kwamba mlangoni pa msikiti kulikuwa na kisima, na mtu haingii mpaka aoshe miguu yake na kuifuta. Kijana mmoja wa Changamwe aliinama, akaweka wayo wake juu ya jiwe, akasema: "Maalim, hata msikiti wetu wa zamani ulikuwa na jiwe kama hili. Babu hulisema kila siku."

Karibu na msikiti huo liko kaburi lililochorwa aya ya 185 ya Sura Aal Imran, ile inayomkumbusha mja kwamba hapana nafsi itakayoepuka mauti, na kwamba ujira kamili ni wa Siku ya Kiyama. Wanafunzi waliohifadhi waliisoma jiweni kwa urahisi. Tuliwatolea salamu watu wa makaburi kama ilivyo sunna, tukawakataza watoto kukalia kaburi lolote, na tukawakumbusha kwamba maiti huombewa dua, wala haombwi haja.

Hapo ndipo kijana wa Likoni, wa miaka kumi na mitatu, alipouliza swali lililotufuata safari nzima. "Maalim, mwenzangu shuleni aliniambia kwamba sisi Waislamu wa pwani tulikuja na majahazi juzi tu. Hawa waliojenga hapa walikuwa wageni waliopita?" Hatukumjibu papo hapo. Tulimwambia aliandike swali lake ukurasa wa kwanza wa daftari, alichukue mpaka mwisho wa safari.

Mnarani na majina ya Taifa

Adhuhuri ilituingilia Kilifi, na mjadala wa fiqhi ukazuka wenyewe. Mwanafunzi mmoja alidai kuwa haijuzu kupunguza Swala, kwa kuwa kutoka Mombasa tumekwenda kilomita 60 tu, na masafa ya safari ni kilomita 80 na zaidi. Binti wa Kisauni akamrudi: kinachozingatiwa ni masafa ya safari nzima iliyokusudiwa, madhali mtu amekwisha kutoka katika majengo ya mji wake. Alisema kweli. Mlango huu nimeufundisha miaka mingi kwa chaki na ubao, na siku ile ulifahamika kwa dakika tano kando ya basi.

Magofu ya Mnarani yako juu ya jabali, upande wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi. Upo msikiti wenye mawe yaliyochorwa maandishi ya Kiarabu, na upo mnara mrefu uliojengwa juu ya kaburi. Mji huu uliangamia mapema katika karne ya 17, zama za mashambulizi ya Waoromo.

Tuliwauliza wanafunzi: mji ulipoangamia, watu wake walikwenda wapi? Wakanyamaza. Basi tukawahesabia Thenashara Taifa ya Mombasa. Katika Tisa Taifa wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa na wengineo. Na katika Thelatha Taifa wamo Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Wakilifi! Wamtwapa! Asubuhi tulikuwa Mtwapa, na mchana tumesimama Kilifi. Wazee waliohama miji hii walihamia Mombasa na majina ya miji yao, na majina hayo yangali hai vinywani mwa watu. Wako watoto katika msafara wetu waliokuwa wakilisikia jina la taifa lao katika harusi na matanga tu, wasijue kwamba ni jina la mji wenye msikiti na kibla.

Gede: je, msikiti uliobomoka ni msikiti?

Siku ya pili tuliingia Gede, kama kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa, katikati ya msitu. Kima walitupokea kabla ya wenyeji, na mikate miwili ya wavulana ilipanda nao mtini isirudi. Kirkman alianza kufukua hapa mwaka 1948. Kuna jumba la kifalme, nyumba zenye vyumba na vyoo, visima virefu, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Msikiti mkuu ulijengwa katika karne ya 15. Kibla chake kilipambwa kwa bakuli za kauri, na juu ya mlango wake mmoja umechongwa mkuki mpana wa Kiafrika. Wareno walikaa Malindi, karibu kabisa, miaka mingi, na katika maandishi yao mji huu hautajwi. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliutia Gede katika orodha ya urithi wa dunia.

Ndani ya msikiti ule mwanafunzi aliuliza: je, mahali hapa pangali ni msikiti? Hili si swali dogo. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba msikiti ukibomoka na ikashindikana kuujenga upya, hauuzwi kwa hali yoyote. Wakfu wake hauondoki kwa kuanguka kuta. Basi yatupasa tuingie hapo kwa adabu. Na yatupasa vilevile tufikirie viwanja vya misikiti midogo ya kale iliyotawanyika baina ya Tiwi na Kilifi, ambayo haina uzio wala mlinzi. Ardhi ya pwani ina bei, na ukuta uliofunikwa na magugu haujui kujitetea. Asiyejua kwamba pale palisujudiwa atapita na tingatinga lake, na huenda dereva wa tingatinga hilo akawa mtoto wetu wenyewe.

Mkanda, Siyu na Shanga

Kutoka Malindi basi lilisafiri mchana pamoja na magari mengine, likasimama katika kila kizuizi cha askari, tukafika Mokowe salama, alhamdulillahi. Kutoka hapo tulipanda mashua kuelekea kisiwa cha Pate. Njia hupita Mkanda, mlango mwembamba uliozungukwa na mikoko, usiopitika vizuri ila maji yakijaa. Sisi tulichelewa kupakia. Katikati ya Mkanda mashua iligusa mchanga, ikasimama. Nahodha hakupaza sauti; alikaa, akasema, "Tungojeni, maji yana saa zake." Tulingoja karibu saa mbili juani. Watoto wa Likoni, wanaovuka feri kila siku kwa kusukumana, walijifunza hapo bamvua na maji mafu ni nini, na kwa nini wazee wao hawakuweza kuijenga miji hii bila ya kuijua kalenda ya mwezi.

Tulilala Siyu. Mji huu, ambao leo ni mdogo na mtulivu, ulisifika kwa kunakili misahafu na vitabu kwa mkono. Asubuhi tulikwenda kwa miguu mpaka Shanga, upande wa kusini wa kisiwa. Hakuna kibanda cha tiketi pale. Kuna miba, mawe, makaburi mengi, na magofu ya msikiti wa Ijumaa.

Katika miaka ya 1980 mtafiti Mark Horton alichimba chini ya msikiti huu. Chini ya msikiti wa mawe alikuta athari za misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, mahali pale pale. Katika tabaka za chini kabisa hakukuwa na mawe. Kulikuwa na mashimo ya nguzo za miti, alama ya msikiti mdogo wa mbao wa karne ya 8 Miladia. Kibla cha msikiti ule wa mwanzo hakikuelekea sawasawa. Waliokuja baadaye wakakirekebisha. Zilipatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu.

Tulimwita yule kijana wa Likoni, tukamwambia afungue ukurasa wa kwanza. Imam Shafi'i, ambaye sisi twafuata madhehebu yake, alizaliwa mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia. Karibu na zama hizo hizo, hapa aliposimama, watu wa pwani hii walikwisha kuchimbia nguzo zao na kusimamisha Swala. Walikosea mwelekeo kidogo, kama akoseavyo mwanafunzi, kisha wakajifunza. Kijana aliandika jibu lake mwenyewe, mstari mmoja, wala hakutuonyesha.

Nasaba na ucha Mungu

Jambo moja sharti lisemwe kwa uwazi, ili elimu hii isigeuke majivuno. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani hii, Mtwapa ukiwa mmojawapo. Wengi wao walizikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800. Ilionekana kwamba wengi walibeba damu ya pande mbili: ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba, na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Basi anayesema kwamba wazee wetu wote walikuwa wageni amewakana mama zake, na anayesema kwamba hawakuchanganyika na mtu amewakana baba zake. Mbele ya Mwenyezi Mungu yote mawili hayamnyanyui mtu. Hunyanyuliwa kwa ucha Mungu wake.

La kufanya

Si kila familia itaweza kwenda Shanga. Lakini Jumba la Mtwana linafikika kwa asubuhi moja kutoka Kisauni, na kwa watu wa Likoni uko msikiti wa kale wa Kongo, Diani, penye mdomo wa mto Mwachema, ambao mpaka leo waswaliwa. Badala ya kuipoteza kila Jumapili katika simu, mzazi na amchukue mwanawe siku moja, amwonyeshe kibla na birika, na amwache aulize.

Nasi walimu tumewapa wanafunzi kazi ya muhula huu. Kila mmoja atakwenda kwa wazee wa mtaa wake na kuandika mambo manne: nani alitoa ardhi ya msikiti wao, nani alichimba kisima chake, nani waliozikwa kandoni mwake, na maneno gani yameandikwa juu ya makaburi hayo. Wazee wanaoyajua haya wanapungua kila mwezi, na hakuna mtafiti atakayefukua kilichokuwa kifuani mwa mtu. Akija mwanafunzi na daftari mlangoni kwako, tafadhali mkaribishe, umpe kiti, na umjibu kwa urefu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie tuwe wenye kuzingatia. Amin.