Programu ikihama, takataka zibaki

UKIVUKA Makupa kutoka kisiwani, Kibarani ndiko bara inakokulaki. Sisi wenyeji twakumbuka siku ambapo mgeni hakuhitaji kuonyeshwa amefika wapi, pua ilimwambia. Jaa lilikuwa mlima. Lakini hakuna aliyekuja siku moja akamwaga mlima. Kila mmoja alimwaga gunia lake, akaenda zake. Leo pamefukiwa, pakapandwa nyasi na miti. Jaa lile lilinijia akilini juma lililopita nikiwa mbele ya kompyuta.

Miaka 15 iliyopita nilianza kukusanya maneno ya Kimvita kutoka kwa wazee wa Mji wa Kale. Rafiki yangu alinitungia programu ndogo ya kuyahifadhi na kuyapanga, ndani ya kompyuta yenye mfumo wa Linux. Wengi wa wazee wale sasa ni marehemu, na kompyuta yenyewe huzima ipendavyo. Maneno yamo ndani ya hifadhi ambayo ni programu hiyo tu inayoweza kuisoma. Basi mtoto wa ndugu yangu, anayesomea taaluma ya kompyuta, akaja kunisaidia kuihamishia kwenye kompyuta mpya ya Windows. Saa nzima ilipita, kisha akanigeukia.

"Ami, hini haijengeki."

"Haijengeki vipi? Kwani ni nyumba?"

"Ni nyumba, Ami. Na ramani yake ndiyo mbovu."

Jibu lake lanipa nafasi ya kutenganisha maneno mawili tunayoyachanganya. Mipangilio ni yale tunayoyagusa sote kwenye simu: ukubwa wa herufi, lugha, mlio. Usanidi ni jambo linalotangulia. Msimbo anaouandika mtaalamu bado si programu. Ni mawe, chokaa na boriti tu. Ni lazima ukusanywe na kujengwa ndipo upate kitu cha kufungua na kutumia. Faili la usanidi ndilo linalomwelekeza mjenzi: vifaa viko wapi, mashine ni ya aina gani, chumba kipi kijengwe na kipi kiachwe. Desturi ya kuyaweka maagizo hayo katika faili ni ya zamani. Programu iitwayo make, aliyoitunga Stuart Feldman katika maabara za Bell Labs mwaka 1976, ingali inatumika hadi leo.

Tukalifungua faili langu. Mlikuwa na anwani za folda zilizotaja hata jina la rafiki yangu, kana kwamba kila kompyuta duniani ni yake. Faili moja la maneno liliandikwa kwa herufi kubwa hapa na kwa herufi ndogo pale. Linux huyahesabu kuwa majina mawili, ilhali Windows kwa kawaida huyaona kuwa moja. Juu ya hayo kulikuwa na masharti: kama ni Linux, fanya hivi; kama ni Linux ya zamani, fanya vile; kama ni Mac, hivi tena. Mimi sijawahi kumiliki Mac! Magunia juu ya magunia.

Nikamwambia aongeze sharti la Windows, yaishe. Akakataa. "Hilo litakuwa gunia jingine," akasema, na akanionyesha kwa nini.

Sharti mojawapo lilisema: kama ni Linux, tumia kanuni za Kiswahili za kupanga maneno, kama sivyo, tumia mpangilio wowote uliopo. Alipoulazimisha ujenzi upite, programu ilifunguka katika kompyuta mpya bila kulalamika. Lakini orodha ilikuwa imevurugika. Katika kompyuta ya zamani ritifaa haikuhesabiwa, kwa hiyo ng'ombe alikaa kati ya ngoma na ngome. Katika kompyuta mpya, ng'ombe aliruka akatua mbele ya ngalawa. Sababu ni kwamba ndani ya kompyuta kila alama ina nambari yake. Ritifaa ni 39, herufi a ni 97, na mashine isiyopewa kanuni za lugha hufuata nambari hizo. Hakuna onyo lililotokea. Ati ni jambo dogo? Kwa mtu wa kamusi, neno lililo mahali lisipotarajiwa ni neno lililopotea.

Hapo ndipo penye somo. Sharti linalouliza jina la mfumo linakisia tu. Swali sahihi si "Wewe ni nani?" bali "Una nini?" Je, kanuni za Kiswahili zipo? Kama hazipo, ujenzi usimame na useme wazi. Wataalamu walilitambua hili kitambo. David MacKenzie alianza kuitunga Autoconf mwaka 1991 ili mashine ichunguzwe ina nini kabla ya ujenzi. Mwaka uliofuata, Henry Spencer na Geoff Collyer wakaonya katika mkutano wa USENIX juu ya mazoea ya kutawanya masharti ya mifumo kila pembe ya msimbo.

Gharama ya kupuuza usafi ilionekana Aprili 2014, lilipofichuliwa kosa la Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano kwenye intaneti. Watu wa OpenBSD walipoanza kuisafisha kwa jina la LibreSSL, waliondoa zaidi ya mistari 90,000 katika juma la kwanza, mingi ikiwa ya kuhudumia mifumo iliyopitwa na wakati. Iligunduliwa pia kwamba mlikuwa na swichi moja ya usanidi ambayo ukiigeuza, programu haifanyi kazi sawasawa. Ilikaa humo miaka bila kurekebishwa. Walipomaliza kusafisha, yale yanayohusu mifumo mingine waliyatenga mahali pake.

Kutenga huko si kugeni kwetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita hakikufa. Kilibaki na yake. Nayo hazina ya CLDR ya shirika la Unicode, inayozifahamisha kompyuta desturi za lugha, imekipa Kiswahili faili moja la msingi, kisha Kenya, Uganda na Kongo zina mafaili ya tofauti zao tu. Yanayotuunganisha huandikwa mara moja. Yanayotutofautisha hukaa kando, yakionekana.

Nasi tukafanya hivyo. Kwanza tuliijenga programu katika kompyuta ya zamani na kuchapisha orodha nzima, ili tuwe na cha kulinganishia. Kisha tukafuta jambo moja, tukajenga, tukalinganisha, tukafuta jingine. Anwani za folda tukaziandika kuanzia pale programu ilipo. Kanuni za kupanga maneno tukaziweka ndani ya programu yenyewe, zisitegemee mashine. Ni baada ya hapo tu ndipo tulipoihamishia Windows. Masharti 19 yakabaki 3, na kila moja lina maelezo ya kwa nini lipo.

Jioni ya siku ya tatu ng'ombe alirudi zizini, kati ya ngoma na ngome. Niliyasoma maneno ya wazee wangu moja baada ya jingine, na yote yalikuwapo. Usiku huohuo kompyuta ya zamani ilizima, na hadi leo haijawaka tena. Nawe msomaji, ikiwa kazi yako ya miaka mingi imefungiwa ndani ya mashine moja, ihamishe ingali inawaka.