TOCHI ZA KUPANDISHA: TAA NZIMA, SWICHI MAJIVU

Leo naomba niwatoe kidogo kwenye siasa tuongelee tochi. Najua kuna watakaosema huyu dogo kaishiwa habari, ila someni kwanza. Kuna mtu alibaki gizani chini ya ardhi, na ile tochi niliitengeneza mimi.

Iko hivi. Baada ya kumaliza form four nilikuwa nashinda kwa fundi redio pale Mwanjelwa, Mbeya, najifunza kuchomea. Kilichokuwa kinatulipa ni kupandisha tochi. Unachukua tochi ya kawaida ya kuchaji, unang'oa kile kitaa chake, unaweka LED ya wati 10 na kale kasaketi kake ka kuongoza umeme, halafu betri ya lithiamu iliyotolewa kwenye laptop mbovu. Ukiwasha usiku unadhani mwanga utafika Loleza. Mteja anacheka, analipa, anaondoka.

Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Chunya. Nikampa moja bure. Wiki ya tatu akaja nayo, hasira hana, ila sauti imebadilika. "Mjomba, taa yako imenizimikia kwenye duara. Nimepanda kwa kupapasa." Wenzake ndo walimmulikia kutoka juu mpaka akaishika kamba.

Mi nikajua LED imeungua. Naifungua, LED nzima kabisa! Nikaunga betri moja kwa moja, ikawaka vizuri. Kilichokufa ni swichi. Plastiki yake ilikuwa imelainika na mguu mmoja umezama ndani.

Swichi ile imeandikwa 1.5A 250V. Wengi wetu tukiona 250V tunasema aah, betri ya volti 4 itaifanya nini? Hapo ndo tunapokosea. Volti 250 inaeleza swichi inaweza kuzuia msukumo kiasi gani. Kinachoichemsha ni ampia zinazopita ndani yake. Tochi ilipotoka dukani ilikuwa inavuta kama ampia 0.4. Mimi nikaifanya ivute 2.8, yaani mara 7. Na joto haliendi mara 7 jamani, linaenda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ni mara 49.

Hebu tupige hesabu. Swichi iliyochoka, vigusio vimeshika weusi kidogo, inaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.2. Kwa ampia 0.4 inatoa joto la wati 0.03, hata kidole hakihisi. Kwa 2.8 inatoa wati 1.6 ndani ya kitu kidogo kama punje ya hindi, kimefungwa kwenye plastiki. Joto linazidisha weusi, weusi unazidisha ukinzani, ukinzani unazidisha joto. Mwisho wake mnaujua.

Kabla ya kufa swichi huwa inatoa taarifa, ila hatuisikilizi. Ampia 2.8 kwenye omu 0.2 zinakula volti 0.56. Betri ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2, ikiwa katikati ni kama 3.7, na LED kwa mkondo ule inahitaji zaidi ya 3. Ukitoa 0.56 unaona mwenyewe kinachobaki. Mwanga unafifia, mteja anasema betri mbovu, anaichaji tena. Siku hizi kabla sijampa mtu tochi nawasha, naweka mita kwenye volti, nagusa miguu miwili ya swichi. Nzuri inasoma karibu na sifuri.

Na ile springi ya nyuma? Nayo ni waya wa chuma unaopitisha mkondo wote. Chomea kipande cha waya wa shaba kutoka juu hadi chini yake.

Dawa ya swichi tunaiona kila siku kwenye bodaboda. Kitufe cha stata pale kwenye usukani ni kidogo tu na waya wake mwembamba. Umeme mkubwa unapita kwenye rilei, kitufe kinatoa amri tu. Kwenye tochi kazi hiyo inafanywa na transista aina ya mosfeti, swichi inafungua geti lake na haibebi mzigo. Ila angalizo: IRFZ44N iliyojaa madukani inataka kama volti 10 ili ifunguke sawasawa, kwa betri moja itabana mkondo na kuchemka. Mi nang'oa zile za kwenye ubao wa kompyuta mbovu, karibu na prosesa. Weka na rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye geti kwenda hasi, la sivyo tochi itakuwa inajiwakia.

Sasa betri. Hii niliielewa nilipohamia kwa shangazi Mafinga, Iringa. Walinzi wa mbao kule wanapenda tochi kali. Mzee mmoja swichi yake ilikufa, fundi akaitoa kabisa akaunga waya moja kwa moja, kuzima ni kulegeza kifuniko cha nyuma. Akaiweka kwenye mfuko wa koti, kifuniko kikajikaza chenyewe. Koti lilitoboka na paja likapata lengelenge. Alipoileta, betri ilisoma volti 1.9, akaniomba nimchajie tu. Nilikataa. Lithiamu ikishashuka chini ya volti 2.5 inaharibika ndani, na kuichaji tena ni kualika shoti na moto. Zile chaja za kubana, wengine tunaziita kobe, wala hazijui tofauti.

Halafu kuna hizi zilizoandikwa 9900 mAh. Nzuri za kampuni kubwa tunazokutana nazo zinaishia karibu 3500, na zina uzito wa gramu 45 hivi. Ukiinyanyua ukaiona nyepesi kama kiberiti, iache dukani. Ya laptop ya 2200, hata ingekuwa mpya, kwa ampia 2.8 haimalizi saa moja. Iliyochoka ni nusu ya hapo, na baridi ya Mafinga ya Juni na Julai inaipunguza tena. Kuichaji mkiwa kwenye sakitu ndo msithubutu, chini ya nyuzi sifuri inaharibika. Ichajini ndani kwenye joto.

Tochi ya mjomba nimeirudisha ampia 1, na mosfeti juu. Swichi ikiwaka inabaki baridi, betri inamaliza zamu. Analalamika kwamba ya jirani yake inang'aa kuliko yake. Nimemnunulia na ndogo ya pili ya mfukoni, hiyo sijaigusa hata msumari.