Kamba ya Mtumbwi wa Nje

Mtumbwi wa tatu kutoka kwenye meli haugusi meli, lakini una kamba yake iliyofungwa kwenye meli. Kamba hiyo hupita juu ya mtumbwi wa pili, ikapita juu ya wa kwanza, ikafika kwenye chuma cha meli na kukazwa hapo. Wa pili naye ana yake. Wa nne, akija, atarusha yake vilevile. Mitumbwi inakaa ubavu kwa ubavu, watu wanavuka kutoka mmoja hadi mwingine, na hakuna hata mmoja anayebebwa na jirani yake.

Habari hii niliipatia Matiri, wilayani Mbinga, mahali ambapo Ziwa Nyasa halionekani. Nilikuwa nikiulizia bei ya mahindi. Vijana walikuwa wakipakia lori, na mmoja wao akafunga mzigo wake kwenye kamba iliyokuwa tayari imeshikilia mzigo wa mwenzake. Mzee aliyekuwa pembeni akishona magunia aliacha sindano, akasimama, akafoka: "We kijana! Kila mzigo na kamba yake! Ungekuwa ziwani ungeshaua watu." Nikasahau mahindi.

Ameomba jina lake lisiandikwe. Sasa ni mkulima, lakini ujana wake wote aliumalizia mwambaoni, akipiga kafi kati ya nchi kavu na meli. Hizo zilikuwa zama za meli za MV Songea na MV Iringa, na msomaji aliyekulia Nyasa hahitaji kusimuliwa: meli inapiga honi, inasimama mbali kidogo kwa sababu gati hakuna, na kijiji kizima kinaingia majini. Wanaoshuka wanashukia mitumbwini, wanaopanda wanapandia mitumbwini, na magunia ya dagaa yanakwenda juu huku sukari na mabati yakija chini. Siku hizi ni MV Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo.

Mimi nilidhani pale ubavuni mwa meli ni vurugu tu, mwenye nguvu ndiye anayetangulia. Mzee alinisikiliza, kisha akaniambia kwa upole kwamba anayeona vurugu ni yule anayetazama akiwa juu ya meli. "Ukiwa chini, mwanangu, unaona nani amemwomba nani."

Kuomba ndiko kunakoanza. Mtumbwi unaofika haushiki ukingo wa mwenzake kabla mwenye mtumbwi hajajibu. Unapunguza mwendo, mpiga kafi anainua kafi lake juu ili lionekane halisukumi tena, anaita. Aliye ndani akisema njoo, anapokea kwa mkono na kuzuia mbao zisigongane. Akisema ngoja, unangoja, hata kama abiria wako ana haraka na anakutukana. Huenda aliye ndani ana mgonjwa amelala sakafuni, au amejaza maji na bado anateka. Haulizwi sababu.

Baada ya hapo ndipo inapokuja kamba, na hapa mzee alikaa muda mrefu. Alichukua vijiti vitatu, akavilaza chini sambamba, akatumia uzi wa magunia. Ukimfunga wa tatu kwa wa pili peke yake, alisema, basi wimbi likija wa pili anavutwa pande zote mbili. Upande wa ndani meli inampandisha, upande wa nje jirani anamshusha. Mtumbwi wa gogo hauna tumbo pana la kuvumilia hayo. Ukingo mmoja unazama kidogo tu, kiasi cha vidole viwili, na maji yakishaingia hayatoki yenyewe. Lakini kila mmoja akiwa na kamba yake hadi melini, uzito wa kila mmoja unaishia kwenye chuma. Majirani wanagusana tu, hawabebani.

Kamba yenyewe, ya mbele au ya nyuma, isikazwe sana. Mwera ukivuma, ule upepo wa kusini unaolitibua ziwa hasa miezi ya katikati ya mwaka, meli inayumba kwa mwendo wake na mitumbwi kwa mwendo mwingine. Aliyekaza mno ananing'inizwa meli inapoinuka. Aliyelegeza mno anakwenda mbele na kurudi nyuma, na ukingo wake unaingia chini ya ukingo wa mwenzake. Hilo la pili ndilo alilokuwa akiliogopa zaidi.

Kuvuka nako kuna utaratibu wake. Viatu mkononi. Mguu unakanyaga katikati ya mtumbwi, kamwe si ukingoni. Anavuka mtu mmoja, anachuchumaa, ndipo mwingine ainuke. Mizigo hutangulia, mkono kwa mkono. Unapita upande wa mbele. Huku nyuma ndiko mwenye mtumbwi anakoshikia kafi na kuweka chakula chake, na kumrukia mtu kwenye chakula chake ni kumdharau. Mtoto mchanga hapokezwi mpaka mama yake awe ameshafika upande wa pili, ili mikono ya kwanza kumpokea iwe ile anayoijua. Nilimuuliza kama hilo ni sheria au huruma yake mwenyewe. Alinitazama kana kwamba swali langu halina maana.

Sasa fikiri mtumbwi wa katikati umemaliza kazi na unataka kuondoka, na wa nje bado anapakia. Kwa maoni yangu ustadi wote uko hapa. Meli imeelekeza kichwa kwenye upepo, na mitumbwi vilevile. Wa katikati anasema na wa nje kwanza, kisha na wa ndani. Wanakubaliana. Kamba ya mbele ya mtumbwi wa nje, ambayo ilikuwa ikipita juu yake, wa katikati anainyanyua kwa mikono miwili, anaipitisha mbele ya kichwa cha mtumbwi wake na kuiacha hapo. Haijafunguliwa hata nukta moja. Wa nje bado ameshikwa na meli. Kamba ya nyuma ya yule wa nje inafunguliwa na kushikwa mkononi. Halafu wa katikati anatoka kinyumenyume, akisukumwa na upepo uleule, taratibu, akiteleza kati ya jirani zake wawili. Kichwa chake kikishapita tu, kamba ya nyuma inarushwa kwa wa ndani, naye anaivuta, na pengo linajifunga. Abiria wa mtumbwi wa nje wanajikuta wamesogea karibu na meli bila mtu kupiga kafi.

Nikauliza, kwa nini asitoke kwa mbele? Mzee alisogeza kijiti kwa mbele, kikakumbana na uzi, kikageuka upande, kikavibeba vile vingine viwili. Hakuongeza neno.

Mambo haya si ya Nyasa peke yake, na nilivyozidi kuyafuatilia ndivyo nilivyozidi kumheshimu mzee. Malindi, Unguja, majahazi hufungwa ubavu kwa ubavu na makuli huvuka sitaha ya mmoja kufikia ya mwingine. Dubai, kwenye hori linalogawanya mji, majahazi ya mizigo hupangana safu kwa safu na shehena hupitishwa juu ya majirani. Ulaya, kwenye bandari za mashua za starehe, mgeni anayefungia ubavuni mwa mwenzake hutakiwa kuomba kwanza, kuvukia upande wa mbele, na kupeleka kamba zake mwenyewe hadi nchi kavu. Wanaoishi Liuli, kwenye mwambao wa Nyasa, wamefikia kanuni ileile kwa kupiga kafi.

Liuli yenyewe ina kisa cha jirani aliyekuja vibaya. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale, meli ya Kiingereza Gwendolen ilipotokea na kuipiga mzinga. Manahodha wawili, Rhoades wa Gwendolen na Berndt wa Wissmann, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Berndt hakuwa amepata habari za vita. Inasimuliwa kwamba alichukua mashua ndogo, akaifuata Gwendolen, akamuuliza mwenzake kama amelewa. Nilimsimulia mzee. Alichouliza ni kimoja tu: yule wa Gwendolen alikuwa ameita kabla ya kukaribia?

Kinachomsumbua mzee ni injini. Boti ya injini ikija ubavuni mwa mitumbwi haihitaji kuomba. Inasukuma, na inabaki ikisukuma ili isihitaji kamba. Wimbi lake linapita chini ya wote. Kijana anayeiendesha hana ubaya, alisema mzee, ila hajawahi kuwa mtumbwi wa katikati. Nami naongeza la kwangu: tumekwishaona gharama ya uzito usiodhibitiwa. Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichokuwa kimejaza kupita kiasi, kilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 wakafa. Hatari haiko kilindini peke yake. Iko pia pale watu wanaposimama wakitaka kushuka.

Huku Nyasa, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari inajenga bandari mpya Mbamba Bay, na lami kutoka Mbinga imeshafika huko. Ni jambo jema, na mzee analifurahia. Lakini gati haiondoi ujirani, kwa kuwa boti zikizidi urefu wake zitalala ubavu kwa ubavu tena, na vijiji visivyo na gati vitaendelea kuingia majini honi ikilia. TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, hukagua vyombo na maboya ya kujiokolea. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, husimamia mialo. Sijaona ni nani kati yao anayemfundisha kijana wa boti jinsi ya kumpisha wa katikati, na ningependa mmoja wao aniambie ni kazi ya nani.

Kuna jambo moja ambalo mzee mwenyewe hana jibu lake. Gunia likianguka majini kati ya mtumbwi na mtumbwi, nani analipa? Zamani, alisema, alilipa aliyeachia mkono kabla hajaambiwa "nimeshika". Siku hizi kuna wanaosema mtu huweza kusema "nimeshika" ili tu kazi iende haraka, kwa hiyo wagawane nusu kwa nusu. Yeye aliwahi kulipa kwa hesabu ya kwanza na akalipwa kwa hesabu ya pili, na zote mbili zilimwachia kinyongo. Mtumbwi wa katikati, ambao gunia lilikuwa likipita juu yake tu, je, nao uchangie? Alinyamaza kidogo, akasema wengine wanadai uchangie, kwa sababu ulikubali kuwa njia. Yeye hakubali. Mpwa wake, ambaye bado yuko mwambaoni, Lituhi, na ana boti ya injini, anakubali, na wameshabishana msimu mzima.